Mwaka wa Kwanza Hupangwa Kuanzia wa Tano

Ninyi mnaoingia chuo mwaka huu kusomea uhandisi, nawajua kabla sijawaona. Mmoja wenu amesajili masomo yake akiwa amelala kitandani, simu kifuani, akibonyeza "kubali, kubali, kubali" kama mtu anayepukusa mahindi. Mwingine amemwachia binamu yake wa mwaka wa tatu amfanyie. Na yuko mmoja ambaye hajasajili chochote kwa sababu anaamini chuo kitamkumbuka. Chuo hakikumbuki mtu, wanangu. Kumbukumbu ya chuo nilikuwa mimi, na hata mimi nilisahau.

Jina langu ni Karimi. Mpaka nilipostaafu juzi juzi nilikuwa karani wa kitivo cha uhandisi katika chuo kimoja huku Meru. Mimi si mhandisi. Nilisoma shule ya Kaaga mpaka kidato cha nne, nikafanya kozi ya ukarani, nikaajiriwa nikiwa msichana mwembamba anayejua kupiga taipu bila kutazama vidole. Lakini kila mhandisi aliyetoka pale katika miaka yangu alipita kwanza kwenye meza yangu, bado hajui yuniti ni nini. Nilikuwa namwambia: yuniti ni somo moja la semesta moja, lina namba yake na jina lake, na usipoiandikisha, hata ukipata alama mia kwenye mtihani, ni kama umeimba kanisani milango ikiwa imefungwa. Watu hawatajua ulikuwa ndani.

Mnacheka. Alikuwako kijana mmoja, Koome, ambaye hakucheka mwisho wa semesta. Huyu alifuata rafiki yake. Walitoka shule moja, wakapanga chumba kimoja, na rafiki alipoingia darasa la fizikia, Koome naye akaingia. Alisoma miezi mitatu. Alifanya maabara, aliandika ripoti, alijibu maswali. Siku ya mtihani jina lake halikuwa kwenye orodha, akaja kwangu anahema.

"Madam, mimi nilikuwa nakaa mbele kabisa!"

"Ulikaa mbele ya darasa la nani?"

Tukatazama. Alikuwa amesoma fizikia ya walimu. Ya wahandisi ilikuwa jengo la pili, saa ile ile, namba ile ile, ila herufi ya mwisho tu. Herufi moja! Akarudia somo mwaka uliofuata. Kwa hivyo ukiona namba ya yuniti, isome mpaka herufi ya mwisho kama unavyosoma jina la dawa. Na urafiki mwisho wake ni mlangoni pa darasa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Njagi, mkubwa wangu wa kwanza pale ofisini. Kwao ni Siakago, chini kule Mbeere kwenye joto na mbuzi, na kila kitu alikieleza kwa mbuzi. Wakati huo hakukuwa na kompyuta. Ratiba ya kitivo kizima ilikuwa ubao wa plywood uliopigwa misumari, kila siku ya wiki na safu zake, na kila msumari ulikuwa saa moja katika chumba kimoja. Darasa lilikuwa kifuniko cha soda kilichotobolewa katikati. Vyekundu vilikuwa vya mwaka wa kwanza, vya buluu vya mwaka wa pili, na kuendelea. Ukikuta vifuniko viwili msumari mmoja, ujue madarasa yamegongana, na uanze kuhamisha.

Asubuhi moja tulifika tukakuta mama wa usafi amefuta vumbi. Alikuwa amevitoa vifuniko vyote, akaviosha, akavirudisha vizuri kabisa kwa rangi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa na masomo yao yote Jumatatu, ya wiki nzima. Wa mwaka wa tano walibaki Ijumaa. Mimi niliketi nikataka kulia. Mzee Njagi alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akavua koti.

"Haya, Karimi. Tunaanza na wa tano."

"Si tuanze na wa kwanza, Mzee? Hao ndio wengi."

"Mbuzi akipotea jioni, alichepuka asubuhi," akasema. "Lakini huwezi kujua alichepukia wapi mpaka ufuate nyayo ukirudi nyuma. Lete karatasi."

Akanionyesha. Chukua mradi wa mwaka wa tano. Uliza, mtu anahitaji kujua nini kabla ya kuufanya? Andika. Hayo ya mwaka wa nne nayo yanataka nini? Andika, chora mshale. Endelea hivyo ukishuka mpaka ufike kwa yule mtoto aliyeshuka stendi jana na begi lake. Ukifika kwake utaona kwamba masomo yake ya mwaka wa kwanza hayana uzito mmoja. Moja ukiliacha, hakuna mshale unaokatika. Lingine ukiliacha, umekata mishale sita.

Ilituchukua siku tatu kurudisha ubao ule. Zile siku tatu zilinifaa kuliko kozi yangu yote ya ukarani. Kwa miaka mingi baadaye, kila mtaala mpya ulipokuja, nilikaa na karatasi kubwa na penseli nikachora mishale kutoka mwaka wa tano nikirudi. Kisha Mzee Njagi akastaafu. Kompyuta ikaja, na baada yake mfumo wa mtandaoni. Mimi nikawa ndiye mkongwe, anayeulizwa kila kitu na kujibu bila kufungua kitabu.

Hapo ndipo hatari ilipoanzia. Ukishaijua kazi sana, macho huenda likizo bila ruhusa.

Sasa niwaambie habari za Gacheri. Nimeomba ruhusa yake, akasema niandike, ila nisimfanye aonekane wa kuhurumiwa. Sitamfanya hivyo.

Gacheri alitoka Mitunguu, kule chini kwenye ndizi na mifereji. Alikuwa msichana mfupi, mwenye hesabu kali ajabu. Alikuja kwangu wiki ya pili ya mwaka wake wa kwanza, siku foleni ilikuwa imeshuka ngazi mpaka nje, kila mtu na tatizo lake.

"Madam, hii ya kuchora siiwezi."

Alimaanisha Uchoraji wa Kihandisi. Shuleni kwao halikuwako somo la kuchora, na wenzake wengi walikuwa wamelifanya miaka minne.

"Umejaribu mara ngapi?"

"Mara mbili. Wengine wanaangalia karatasi wanaona kitu. Mimi naona tu mistari."

Alikuwa na yuniti nane, na tatu kati ya hizo zilitaka ripoti ya maabara kila wiki. Nikamwona amebeba mzigo. Kulikuwa na fomu ya kuahirisha somo moja, na kwa miaka mingi nilikuwa nimewapa wanafunzi fomu hiyo, wanaahirisha uchoraji, wanaufanya mwaka wa pili, maisha yanaendelea. Nikaitoa. Akajaza. Kabla ya kutia sahihi alinyanyua kichwa.

"Iko sawa, Madam? Haitaniletea shida mbele?"

"Iko sawa. Wengi wamefanya hivyo."

Nikapiga muhuri. Nikaita anayefuata.

Lakini mwaka ule mtaala ulikuwa umebadilishwa. Nilikuwa nimeletewa kijitabu kipya kabla ya chuo kufunguliwa. Nilikipokea, nikatia sahihi kwamba nimekipokea, nikakiweka kwenye droo. Niliona jalada, nikadhani wamebadilisha majina ya masomo kama kawaida yao. Sikuchora mishale.

Semesta ya pili ilipokaribia kwisha nilianza kutayarisha orodha za mwaka wa pili. Nilipoingiza namba ya Gacheri, mfumo ulinikatalia. Mstari mwekundu: sharti halijatimizwa. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Mstari ule ule. Nikafungua droo, nikatoa kile kijitabu, nikasoma nikiwa nimesimama. Uchoraji sasa ulikuwa sharti la kuingia usanifu wa mashine, na usanifu wa mashine ulikuwa sharti la masomo mengine mawili ya mwaka wa pili. Uchoraji wenyewe ulifundishwa semesta ya kwanza tu. Kwa hiyo yule msichana angeingia mwaka wa pili, afanye uchoraji, kisha akae akingoja mwaka mzima upite ndipo ajiunge na masomo ambayo wenzake wangekuwa wameshayamaliza. Mwaka mzima wa maisha yake, na muhuri ulikuwa wangu.

Nkatha, mwenzangu wa meza ya pili, aliniona. Nikamweleza. Nkatha si mtu mbaya, alikuwa anataka kuniokoa.

"Si fomu iko na sahihi yake? Yeye ndiye aliomba. Wewe ulipokea tu ombi. Hauko hapo."

Ilikuwa kweli. Kwenye karatasi sikuwako. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, faili langu ni safi, na hakuna aliyekuwa amenishika. Nataka mjue kwamba nililifikiria jambo hilo. Nilikunywa chai yote ya saa nne nikilifikiria. Lakini kila nilipojaribu kulikubali nilisikia lile swali lake: iko sawa, Madam? Fomu haikuwa na mahali pa kuandika swali hilo, wala jibu langu. Tuliolijua tulikuwa wawili tu.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa idara, Daktari Mwenda. Ni mtu wa maneno machache. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kijitabu ulipewa lini?"

"Kabla ya chuo kufunguliwa, Daktari."

"Ulikisoma?"

"Jalada."

Akanisukumia karatasi. "Andika hivyo hivyo ulivyoniambia," akasema. "Usipambe."

Nikaandika ukurasa mmoja. Kamati ikakaa. Mimi nikapewa barua ya onyo, na mpaka leo nakala yake ninayo nyumbani Ruiri. Kuhusu Gacheri, kamati ilisema kosa ni la ofisi, kwa hivyo ataruhusiwa kufanya mtihani maalum wa uchoraji wiki ya mwisho ya likizo ndefu, kabla ya mwaka wa pili kufunguliwa. Akipita, ataendelea na wenzake. Akianguka, atangoja. Na kwa kuwa wahadhiri wangekuwa likizo, hakuna atakayemfundisha.

Kumwambia lilikuwa jukumu langu. Alikaa kwenye kile kiti cha mbele ya meza, akasikiliza mpaka mwisho.

"Madam, si mimi nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Na ukasema iko sawa."

"Nilisema."

Akainuka akatoka. Hakubamiza mlango. Aliuacha wazi, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu nililazimika kuinuka niufunge mwenyewe watu wakinitazama.

Wiki iliyofuata alikuja mama yake. Sasa, wazazi kutoka Mitunguu huja ofisini na ndizi. Ni heshima tu, hata kama hawana shida yoyote. Huyu alikuja mikono mitupu, nikajua ni vita.

"Wewe ndiye Karimi?"

"Ndiye mimi, mama. Karibu."

"Ni wewe uliandika mtoto wangu vibaya?"

"Ni mimi."

Nadhani alikuwa amejiandaa kubishana njia nzima, na sasa hakuwa na wa kubishana naye. Akavuta kiti, akakaa.

"Mimi sijui hiyo kuchora. Baba yake hajui. Kule kwetu tunajua maji na ndizi. Sasa mnasema mtoto asome akiwa nyumbani. Atasoma na nani?"

"Nitamtafutia mtu."

"Usiniambie utatafuta. Nitajie mtu."

"Ireri," nikasema.

Lilinitoka tu. Ireri alikuwa fundi wa chumba cha kuchorea, mtu wa Embu, kwao Runyenjes. Ndiye aliyetunza meza na rula na mbao za mfano, na wanafunzi walijua kwamba mhadhiri akishaondoka, anayekuelewesha ni Ireri. Shida ni kwamba sikuwa nimemuuliza. Mama Gacheri alipotoka nilishuka ngazi mbio, nikamkuta anafunga kabati, begi la safari liko miguuni.

"Madam, mimi niko likizo kutoka kesho. Kahawa inaningoja."

"Najua. Na nimeshamwambia mzazi utamfundisha mtoto wake."

"Bila kuniuliza?"

"Bila kukuuliza. Sasa nimekosea mara mbili."

Ireri alikaa juu ya begi lake, akacheka kidogo, akakuna kidevu. "Sawa. Jumanne na Ijumaa. Ndugu yangu atapogoa kahawa. Lakini wewe pia utakaa chini uchore."

"Mimi? Nichore nini kwa umri huu?"

"Miaka yote hii unaandikia watu kitu hujawahi kushika. Utachora, ama niende zangu."

Basi ikawa hivyo. Jumanne ya kwanza tulikuwa watatu katika chumba chenye meza hamsini. Gacheri alinisalimu "Madam" peke yake, bila habari yako, bila chochote. Akakaa meza ya mbali. Ireri akatupa kila mmoja kibao kilichokatwa ngazi upande mmoja, akasema tukichore jinsi kinavyoonekana kwa mbele, kwa juu na kwa ubavuni. Nilitokwa jasho. Rula iliteleza, penseli ilivunjika, nilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Ireri alikuja akasimama nyuma yangu.

"Madam, hii ni nini?"

"Si ndicho hicho kibao?"

"Kibao kimeumwa?"

Nikasikia sauti kutoka meza ya mbali. Gacheri alikuwa anacheka, akijaribu kujizuia, akashindwa. Alikuja kutazama, akanihurumia, akaninolea penseli. Ndivyo tulivyoanza kuzungumza tena. Hakusema amenisamehe. Alininolea penseli tu.

Lakini kuchora kwenyewe hakukuwa kunaenda. Wiki mbili, tatu, alikuwa bado anakariri. Ukimpa umbo alilolichora jana, analipata. Ukiligeuza, amepotea. Ireri alimtazama siku moja, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Nyumbani kwenu ni nini mnakata kila siku?"

"Kukata? Migomba. Ikishavunwa tunakata shina."

"Shina likoje ndani?"

"Laini. Panga linapita tu."

"Basi kata hayo mashina. Kata ngazi, kata mteremko, toboa shimo. Kila umbo la kitabuni, likate kwanza, kisha lichore. Ijumaa uniletee."

Ijumaa Gacheri alishuka garini na gunia. Ndani kulikuwa na vipande vya shina la mgomba, vingine vizuri, vingine ovyo, na kimoja alikuwa amekitoboa kwa kipande cha bomba la kumwagilia. Utomvu ulikuwa umeacha madoa ya kahawia kwenye sketi yake na karatasi zake zote. Aliweka kile chenye shimo mezani, akakichora kwa mbele. Akafika mahali pa kuonyesha shimo likiwa upande usioonekana, akakwama. Pale mchoraji hutumia mstari wa kukatikakatika, na Gacheri alikuwa ameukariri bila kujua ni wa nini. Akakigeuzageuza. Kisha akachukua kisu cha Ireri, akakipasua kile kipande katikati. Shimo likatokea lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Kumbe!" akasema. "Huu mstari si urembo. Ni kitu kiko, ila kimejificha!"

"Ndiyo," Ireri akasema. "Sasa rudisha vipande pamoja, ukichore bila kupasua."

Akakichora. Kutoka siku hiyo nilikuwa naachwa nyuma. Kwao alikata kila siku, mabaki wakapewa mbuzi, na mama yake akaniambia baadaye kwamba baba mtu alianza kuuliza jioni, "Leo umekata mashine gani?"

Kasi ndiyo ilibaki. Mtihani ni michoro kadhaa kwa saa tatu, na yeye alimaliza mchoro mmoja kwa saa tatu zote. Ireri akambana. Noa penseli tatu kabla ya kukaa, siyo katikati. Nawa mikono, jasho huchafua. Anza na mistari ya katikati ya umbo. Chora kazi yote kwa mkono mwepesi, usikoleze chochote mpaka uwe na uhakika, kwa sababu mstari ulioukoleza mapema utaupenda hata kama ni wa uongo. Vipimo andika mwisho. Nayasema haya kwa wale wa uchoraji, lakini hata aliye kwenye hesabu anaweza kuchukua kitu hapo.

Siku ya mtihani sikuruhusiwa kukaribia chumba. Nilifagia ofisi ambayo haikuwa na vumbi. Matokeo yalitoka siku chache kabla ya usajili, na Gacheri akaja kuyasoma kwenye kompyuta yangu. Hamsini na moja. Ya kupita ilikuwa arobaini. Mimi niliinua mikono juu nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikageuka, nikaona amenuna.

"Hamsini na moja tu?"

"Mwana wakwa, mwanangu, umepita! Unaendelea na wenzako!"

"Najua, Madam. Lakini mimi sikukata mashina yote yale nipate hamsini na moja." Akavuta kalamu. "Wapi mtu anaomba karatasi yake isahihishwe tena?"

Nilimpa fomu. Alama haikubadilika. Aliikubali, akaenda zake mwaka wa pili. Huko alianguka somo la umeme, akalirudia, akanipigia simu kuniambia, "Hii ni yangu mwenyewe, Madam, usijilaumu." Alimaliza na wale alioanza nao. Siku hizi anasimamia ujenzi wa mabomba ya maji, na vijana wa kuchimba mitaro wanamwita Injinia. Hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijawahi kuuliza. Ananiletea ndizi.

Baada ya hapo sikupiga muhuri tena bila kufungua kijitabu, hata kwa jambo nililolijua kama jina langu. Foleni ikawa ndefu. Wanafunzi wakalalamika kwa mkuu wa kitivo kwamba huyu mama amezeeka, anasoma polepole. Nikaitwa. Nikasema nitaendelea kusoma polepole. Aliyetaka kuahirisha uchoraji nilimtuma kwanza kwa Ireri akakate kitu, na wengi hawakurudi kuomba fomu.

Sasa niko Ruiri na ng'ombe wangu wawili na shamba la viazi, na majirani wananiletea watoto wao wakiwa na simu mkononi. "Tusomee hii mipango yake, Madam." Nawaambia lile la kwanza: weka simu chini, lete karatasi. Anza na mwaka wa tano, rudi nyuma, chora mishale. Nawaambia wasihesabu masomo, wahesabu ripoti za maabara, kwa sababu masomo manane yenye ripoti mbili ni mepesi kuliko masomo sita yenye ripoti tano. Nawaambia wafanye lile wasiloliweza mapema, wakati bado kuna watu wa kuwasaidia na muda wa kuanguka na kuinuka. Wote tunapenda kulisukuma mbele. Lakini lile unalolikimbia ndilo hasa lisilosukumika. Wengine wananisikiliza. Wengine wanatazama saa.

Wewe unayesoma hapa, dirisha la kubadilisha masomo bado liko wazi wiki hii. Nenda kwa karani wa kitivo chako, usitume rafiki. Mwonyeshe orodha yako, mwulize, "Nikiacha hili, nitazuiwa wapi?" Akikujibu haraka bila kufungua kitabu, mwombe kwa adabu akifungue. Akisema ana miaka ishirini kwenye kazi hiyo, mwombe tena. Akikasirika, akasirike. Wewe usitoke pale mpaka uone kidole chake kiko juu ya mstari wako.